Sitara na Daraja: Vazi la Mwanamke katika Hoja za Wakristo

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili cha Muungano, iliyochapwa nzima mwaka 1952, walipofika katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, mlango wa 2, aya ya 9, walikabiliwa na neno dogo la Kiyunani ambalo si rahisi kumpatia mwenziwe katika lugha yetu. Neno hilo ni kosmios. Mwandishi wa waraka anawataka wanawake wajipambe kwa vazi lenye sifa hiyo, na wafasiri wetu wakaona kuwa sifa hiyo ni ya kujisitiri. Sina nia ya kuwalaumu. Neno walilolichagua ni zuri, na watu wa pwani na wa bara walilielewa mara moja. Walakini kosmios halina asili yake katika kufunika. Limetoka katika kosmos, yaani mpango, utaratibu, na pia pambo. Na kitenzi cha kujipamba kilichotumika katika aya ile ile ni ndugu yake wa tumbo moja. Myunani aliyeisoma aya hiyo alisikia kama kwamba wanawake wameambiwa wajipange kwa vazi la mpango. Mswahili aisomaye leo husikia kwamba wameambiwa wajifunike.

Neno letu sitara lina mapana yake, tena mapana ya ajabu. Kusitiri ni kufunika mwili. Ni kuficha aibu ya mtu. Ni kumwokoa katika ufukara pia, ndipo tunaposema ya fulani kwamba amesitirika, maana yetu ikiwa hana utajiri lakini haombi. Mapana hayo yatatufaa katika safari hii, kwa sababu Wakristo walipobishana juu ya vazi la mwanamke, katika karne karibu 20, hawakuwa wakibishana juu ya jambo moja. Mara waliulizana mwili ufunikwe kiasi gani. Mara waliulizana mali kiasi gani yafaa kutundikwa juu ya mwili mmoja. Na mara nyingine, bila kukiri, waliulizana ni nani aliye na ruhusa ya kufanana na nani. Swali la kwanza ndilo lililosikika sana. Swali la tatu ndilo lililochoma makanisa moto.

Tuanze na aya yenyewe. Yaliyokatazwa ndani yake ni manne: misuko ya nywele, dhahabu, lulu, na nguo za thamani. Waraka wa Kwanza wa Petro, mlango wa 3, unataja mambo karibu yale yale. Msomaji na atazame vizuri: hakuna hata moja katika hayo linaloufunua mwili. Lulu haimvui mtu nguo. Ili kujua lulu ilikuwa nini katika Rumi ya siku zile, yatupasa kumwuliza shahidi asiye Mkristo, naye ni Pliny, mwanazuoni wa karne ya 1. Anaeleza kwamba alimwona Lollia Paulina, aliyepata kuwa mke wa kaisari Caligula, katika karamu ya uchumba isiyo kubwa, amejaa zumaridi na lulu kichwani, katika nywele, masikioni, shingoni na vidoleni, vyote vyenye thamani ya sesta milioni 40. Na hati za kuthibitisha bei alikuwa tayari kuzionyesha papo hapo. Askari wa majeshi ya Rumi wakati huo alipata mshahara wa sesta 900 kwa mwaka. Hesabu ni nyepesi: bibi mmoja alikaa mezani amevaa mshahara wa mwaka mzima wa askari zaidi ya 44,000. Na yamkini alikuwa amefunikwa barabara toka shingo hata nyayo.

Makanisa ya kwanza yalikutana majumbani. Humo mjakazi na bibi yake walikaa chini ya dari moja, wakala mkate mmoja. Waraka wa Yakobo, mlango wa 2, unawakaripia wanaomkaribisha mbele mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, huku maskini akiambiwa asimame kule. Nikiziweka aya hizi pamoja, naona kwamba onyo la waraka kwa Timotheo, awe Paulo mwenyewe ndiye aliyeuandika au mfuasi wake, kama wasemavyo wataalamu wengi, lilimhusu mwanamke tajiri kwanza. Liliulinda usawa wa watu waliokusanyika. Maskini hakuhitaji kukatazwa lulu.

Suala la kufunika lipo kwa hakika katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 11, lakini huko linahusu kichwa, tena kichwa cha mwanamke asalipo au atoapo unabii. Jambo hili husahauliwa mara nyingi na wale wanaoipenda sana sura hiyo: sheria ya kichwa ilitolewa kwa mwanamke ambaye tayari anasema mbele ya watu. Na mwanamume naye akapewa sheria yake, asifunike kichwa. Tutairudia sheria hiyo ya mwanamume hapo mbele.

Mtu wa kwanza kuandika vitabu vizima juu ya jambo hili, katika vile vilivyotufikia, ni Tertullian wa Carthage, Afrika ya Kaskazini, karibu na mwaka 200. Alikuwa na kalamu kali kama wembe. Katika vitabu vyake viwili juu ya mapambo ya wanawake amemwita mwanamke mlango wa kuingilia shetani, maneno ambayo yamemletea sifa mbaya hata leo, na haki yake. Lakini asomwe mpaka mwisho. Anapoliacha kosa la Hawa na kuingia katika soko, hoja yake hugeuka na kuwa hoja ya mali: anashangaa jinsi urithi mkubwa unavyotolewa katika kijisanduku kidogo, na anauliza kwa nini, kama Mungu alipenda sufu iwe ya zambarau, hakuumba kondoo wa zambarau. Hapo ndipo anapofanana na waraka. Katika kitabu chake kingine, juu ya kuwafunika wanawali, anageuka tena. Kumbe katika kanisa la Carthage wanawali waliojitoa kwa Mungu walikuwa wakisimama kanisani vichwa wazi, na wengi waliona kuwa hiyo ni heshima yao, alama kwamba hawako chini ya mume. Tertullian hakukubali. Ili kuwatahayarisha akawatajia wanawake wa Bara Arabu, wasio Wakristo, ambao hufunika si kichwa tu bali uso pia, wakabakiza jicho moja la kuonea njia. Msomaji wa pwani yetu atatua kidogo hapo. Ushahidi huo umeandikwa miaka 400 kabla ya Uislamu, na mwandishi wake ni Mkristo wa Afrika anayeutamani.

Mwenzake wa zama zile, Clement wa Alexandria, alikuwa mpole zaidi. Katika kitabu chake kiitwacho Mlezi anapenda nguo nyeupe isiyotiwa rangi, anawaruhusu wanawake kitambaa laini kidogo kuliko cha wanaume, na anawataka wajifunike watokapo nje. Lakini hakuwasahau wanaume. Kurasa nzima zimewaendea wale wanaong'oa nywele za mwili na kujikwatua mbele ya kioo. Cyprian, askofu wa Carthage katikati ya karne ya 3, aliwaambia wanawali matajiri waliodai kwamba mali ni yao na wana haki ya kuitumia, kwamba basi na waitumie, maskini ndio wahisi kuwa wao ni matajiri. Na John Chrysostom, karne moja na nusu baadaye, katika mahubiri yake juu ya Injili ya Mathayo, aliwageukia vijana wa kiume wanaoshona viatu vyao kwa nyuzi za hariri na kutembea matopeni kwa vidole vya miguu wakiogopa kuviharibu. Twaona kwamba hata katika zama za wazee wa Kanisa vazi halikuwa la wanawake peke yao. Likaja kuwa la wanawake peke yao baadaye, kwa sababu waliosimama mimbarini walikuwa wanaume, na mtu hauoni mgongo wake.

Kuna tukio moja ambalo ningependa wanafunzi wetu walijue zaidi kuliko wanavyolijua. Katikati ya karne ya 4 maaskofu walikutana Gangra, Asia Ndogo, kuwahukumu wafuasi wa mtu aliyeitwa Eustathius. Kosa lao lilikuwa kuzidisha. Waliidharau ndoa, wakavaa mavazi magumu ya watawa na kuwadharau wenye mavazi ya kawaida. Na baadhi ya wanawake miongoni mwao walikata nywele na kuvaa nguo za kiume kwa ajili ya ibada. Baraza likawalaani wote hao. Kwa hiyo Kanisa lilikwisha kusema, tangu zamani zile, kwamba vazi la kujinyima nalo laweza kuwa la majivuno. Lakini tuangalie na upande wa pili. Wanawake wale waliokata nywele walitaka nini? Katika dunia ambayo nywele na nguo zilimtambulisha mke na mjakazi, kuzitupa kulikuwa njia ya kutoka katika daraja zote mbili. Baraza liliwaambia wazi kwamba nywele walipewa ziwe ukumbusho wa kutii. Swali la tatu, la nani afanane na nani, lilikuwa limekwisha bisha hodi.

Ulaya ya zama za kati swali hilo liliandikwa katika sheria. Uingereza bunge lilitunga sheria za mavazi, ile ya mwaka 1363 na nyingine nyingi baada yake, mpaka zikafutwa mwaka 1604. Kila daraja ilipimiwa kitambaa chake. Mtu wa jembe na mtu wa mkokoteni, pamoja na watu wa nyumba zao, wakaachiwa sufu ya kukwaruza tu. Mimbari ziliziunga mkono sheria hizo kwa aya zile zile za Timotheo na Petro. Aya iliyomkataza tajiri lulu sasa ilimkataza maskini kitambaa kizuri. Sijui mageuzi mengine ya maana ya andiko yaliyofanyika kimya kimya kiasi hicho.

Walitokea watu walioirudisha aya mahali pake, nao walikuwa Wakristo wa pembeni. Waquaker wa karne ya 17 waliacha utepe na shada kwa sababu hawakutaka kumvulia mtu kofia wala kuvuliwa. Lakini kizazi kimoja hakijapita, wazee wao wakaanza kuamrisha rangi na mshono. Margaret Fell, mjane wa mwanzilishi wao George Fox, naye mwenyewe nguzo ya jamaa ile toka mwanzo, aliandika mwaka 1700, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 80, kulalamika kwamba kuwalazimisha watu wote wavae vazi moja la rangi moja ni injili maskini na ya kipumbavu. Hakusikilizwa, vazi la kijivu likawa bendera ya Waquaker kwa miaka 150 na zaidi. Naitaja barua hiyo kwa sababu nyingine pia: katika maandiko yote niliyoyapitia mpaka hapa, ndiyo ya kwanza kuandikwa na mtu ambaye nguo zinazozungumzwa zilikuwa nguo zake.

Karne iliyofuata, John Wesley, baba wa Wamethodisti, alitoa mawaidha juu ya mavazi mwaka 1760, na akaagiza wenye kofia za fahari na vilemba virefu vya nywele wasipewe tikiti za kuingilia mikutano. Hoja yake ni ya hesabu, kama ya Pliny. Kila shilingi uliyoiweka juu ya mwili wako bila haja umeitoa mgongoni kwa maskini aliye uchi. Kwa Wesley, staha ya tajiri na uchi wa maskini ni kitabu kimoja cha mapato na matumizi.

Kutokana na uamsho huo wa dini wa Uingereza ndipo kilipozaliwa Chama cha Misheni cha London, mwaka 1795, ambacho wajumbe wake baadaye walifika hata Ujiji mwaka 1878. Mmoja wa wajumbe wa mwanzo, Ringeltaube, Mjerumani, alianza kazi mwaka 1806 katika ufalme wa Travancore, ncha ya kusini-magharibi ya Bara Hindi. Huko maswali yetu matatu yalikutana uso kwa uso, nami nitakaa hapo kidogo.

Watu waliomfuata zaidi Ringeltaube na wenzake walikuwa wa tabaka lililoitwa Shanar, ambalo baadaye lilijiita Nadar. Walikuwa wagema: kazi yao kupanda mivumo, kugema tembo na kupika sukari guru. Sheria za desturi ziliwakalia mwilini. Hawakuruhusiwa kuchukua mwavuli, wala kuvaa viatu, wala vito vya dhahabu, wala kujenga nyumba ya orofa. Wanawake wao hawakuruhusiwa kubeba mtungi kiunoni, wala kufunika kifua. Mgeni atadhani kwamba watu wa Travancore hawakuwa na haya. Sivyo. Kifua wazi kilikuwa ndiyo adabu, kama sisi tunavyovua viatu mlangoni. Mwanamke wa Shanar aliuacha wazi mbele ya wakubwa wa tabaka la Nair. Mwanamke wa Nair mwenyewe, aliyekuwa na haki ya mtandio begani, aliushusha mbele ya Brahmani na mbele ya mungu hekaluni. Kila mtu alijifunua kwa aliye juu yake. Hata Wakristo wa kale wa nchi ile, Wasiria, ambao kanisa lao latangulia misheni zote kwa karne nyingi, walikuwa na nafasi yao katika ngazi hiyo: wanawake wao walivaa blauzi nyeupe, na blauzi ile ilikuwa heshima ya daraja lao.

Wamishenari waliwaambia waongofu wao kwamba Mkristo hakai kifua wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Kanali Munro, mwakilishi wa Waingereza ambaye pia alikuwa waziri mkuu wa Travancore, alitoa amri ya kuwaruhusu wanawake Wakristo wajifunike kama Wakristo wa nchi nyingine. Wakubwa wa nchi wakanung'unika, na amri ikapunguzwa: wavae kupayamu, yaani kijiblauzi kama cha Wakristo wa Kisiria na Waislamu wa pwani, lakini mtandio wa begani, ulio alama ya wanawake wa Nair, wasiuguse. Wake za wamishenari wakatia mkono. Blauzi zikashonwa, mji wa Nagercoil ukawa na shule ya kushona, na baadaye ukajulikana kwa lesi ya Bibi Martha Mault.

Kama suala lingalikuwa la mwili tu, lingalikwisha hapo. Kupayamu ilifunika kila kitu. Wanawake wa Shanar wakavaa blauzi, kisha wakatupa na mtandio begani.

Hapo ndipo vita vilipozuka. Mwaka 1822 wanawake walishambuliwa na kuvuliwa mitandio sokoni na njiani. Toka mwaka 1827 hadi 1829 makanisa na shule zilichomwa. Tarehe 3 Februari 1829 serikali ya Travancore ikapiga mbiu kwamba madai ya mtandio hayana msingi. Wana blauzi, na blauzi yawatosha. Hoja hiyo, kwa kweli, si dhaifu. Mtu anayetafuta staha peke yake lazima aikubali. Na wamo Wakristo, zamani zile na leo, ambao wangewaambia wanawake wale kwamba kudai alama ya wakubwa ni kiburi, na kwamba Petro aliwataka wajipambe kwa roho ya upole. Nimeifikiri sana hoja hii, nami naona ina kasoro moja kubwa: yamdai upole yule aliyevuliwa nguo, haimdai yule aliyemvua.

Jambo halikuzimika. Katika miaka 30 iliyofuata wanawake wa Shanar wasio Wakristo, waabudu wa miungu ya wazee wao, nao wakaanza kuvaa mtandio. Hili latuonyesha wazi kwamba shabaha yao haikuwa kumfurahisha mmishenari. Mwishoni mwa mwaka 1858 na mwanzoni mwa 1859 ghasia zikarudi, makanisa yakachomwa tena, na Charles Trevelyan, gavana wa Madras, akaibana serikali ya Travancore. Tarehe 26 Julai 1859 ikatoka mbiu mpya. Wanawake wa Shanar wa dini yoyote wana ruhusa ya kuvaa blauzi, au kujifunga kitambaa kikavu kama wavaavyo wake za wavuvi, au kufunika kifua kwa namna nyingine yoyote ile. Ila wasivae kama wanawake wa matabaka ya juu.

Aya ya mwisho ya mbiu hiyo yafaa isomwe pamoja na sheria ya Uingereza ya mwaka 1363. Mahali ni mbali na dini ni mbali, na tofauti ya miaka ni karibu 500; lakini kitambaa cha kukwaruza ni kile kile. Serikali ilikubali kwamba mwanamke wa Shanar ana mwili wa kusitiriwa. Haikukubali kwamba anaweza kufananishwa na bibi wa Nair. Na wamishenari wengine, kwa kusifu ushindi wa staha ya Kikristo, waliandika kana kwamba sehemu ya pili ya mbiu haikuwapo.

Wakati ule ule pwani yetu ilikuwa na ngazi yake. Katika mwaka ule ule wa 1858, huku Travancore ikiwaka, Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake wa kumwusia binti yake, na miongoni mwa wasia wake ni kujipamba na kujifukiza kwa ajili ya mume. Pambo la ndani ya nyumba lilikuwa wajibu wa mwanamke muungwana, kama kujifunika kulivyokuwa wajibu wake atokapo. Mjakazi wa Unguja hakuwa na wajibu huo wala ruhusa hiyo. Alivaa merikani au kaniki, mabega wazi na kichwa wazi, ili kila mtu ajue alivyo. Mwanamke aliyefunika kichwa alikuwa ametangaza kwamba ni wa watu.

Wamishenari wa Misheni ya Vyuo Vikuu, walioanzisha kijiji cha watumwa waliofunguliwa Mbweni katika miaka ya 1870, walilitazama jambo hili tofauti na wenzao wa Travancore. Askofu Edward Steere hakutaka Mwafrika aokokaye awe Mzungu mweusi; vazi la Kizungu kwake lilikuwa nguo ya kuazima, nasi twajua methali yetu isemavyo juu ya nguo ya kuazima na kile isichokisitiri. Msimamo huo ulikuwa na busara. Lakini nao haukuuliza swali lililowakera wenye miili. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wajakazi, wengi wao Waislamu, wachache Wakristo, walijua la kufanya bila kufundishwa. Waliiacha kaniki, wakanunua kanga, doti moja kisha nyingine, moja mwilini na moja kichwani. Na mwanzoni mwa karne ya 20 walio Waislamu wakalivaa buibui. Mzungu aliyepita aliona tu wanawake wanaopenda maua na rangi. Waliokuwa mabibi zao walielewa vizuri zaidi. Mjakazi wa jana alikuwa amejisitiri kwa maana zote tatu za neno letu: mwili wake, aibu yake, na ufukara wake. Kipande cha kitambaa cha kununuliwa dukani kwa Mhindi kilifanya kazi ambayo ilani ya serikali haikuimaliza.

Nimesema kwamba tutairudia sheria ya kichwa cha mwanamume. Katika Kenya, tangu miaka ya 1920, wapo Wakristo waitwao Wakorino, ambao wanaume na wanawake wote huvaa vilemba vyeupe, hata katika sala. Kwa upande mwingine, uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1930, uliwafanya wengi wavishuku vito na misuko ya nywele. Kanisa Katoliki liliweka katika sheria zake za mwaka 1917 kwamba mwanamke afunike kichwa kanisani. Sheria mpya za mwaka 1983 hazikusema lolote juu ya kichwa, na sharti likaondoka bila kutangazwa. Wote hao wana Biblia ile ile. Mgeni akitaka kujua nani ameifuata barua na nani ameiacha, atachoka bure. Afadhali aulize katika kila kanisa ni lipi katika yale maswali matatu linaloulizwa kwa sauti, na lipi linalojibiwa chini chini.

Kwa wakati wetu jibu la chini chini ninaliona katika sare. Vikundi vya wanawake na kwaya za makanisa yetu mengi, Tanzania na Kenya, huvaa kitenge cha namna moja, kimeshonwa kwa mkono mrefu na kushuka hata kifundo cha mguu, na kitambaa cha kichwa juu yake. Kwa swali la kwanza vazi hilo halina dosari. Tertullian mwenyewe asingepata la kusema, ila labda juu ya rangi. Chanzo chake pia ni chema, kwani mwenye duka na mwenye genge wakivaa sawa hutambulikani utajiri. Lakini jubilei ina kitenge chake, na sikukuu ya mtakatifu ina chake, na ziara ya askofu ina chake, na fundi hashoni bure. Mjane aliyenunua cha mwaka jana kwa kuuza kuku hana cha mwaka huu. Siku hiyo huja kanisani amefunika kila kiungo kwa kanga mbili zilizopauka, akakaa nyuma karibu na mlango. Na mbele, katika safu zilizoshonwa upya, somo husomwa kutoka Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, mlango wa pili, kwa neno la kujisitiri.